Msumeno wa Utepe wa Kwanza: Maswali ya Kujibu Kabla ya Kutoa Pesa ya Ikimina

Kipindi cha kazi na ufundi. Sauti: mtangazaji mmoja. Muda: dakika 20. Kwa vikundi vya wasikilizaji: maswali ya kujadili yako mwishoni.

(Muziki wa kufungua. Unashuka taratibu.)

Karibu tena katika kipindi chetu cha kazi na ufundi. Karibu wewe uliye kambini, wewe uliye mjini, na wewe unayesoma karatasi hii kwa sababu redio ya jirani imeisha betri.

Wiki iliyopita, katika sanduku la maoni, tulikuta barua ya mama mmoja. Anasema mtoto wake amemaliza kujifunza useremala. Yeye na wenzake wanne wameweka akiba kwa miaka miwili. Sasa wanataka kununua mashine moja, msumeno wa utepe, waiweke nyumbani kwa mmoja wao huko Kigali. Wameonyeshwa mashine kubwa ya zamani, bei yake si mbaya, lakini mwenye nayo anataka jibu kabla ya mwisho wa mwezi. Mama anauliza: wainunue au waiache?

Mama, mimi si seremala. Kazi yangu ni maikrofoni. Lakini swali lako lilinigusa, kwa sababu nyumbani kwetu swali hilo liliwahi kuulizwa, na tulilijibu vibaya. Kwa hiyo nilipanda basi mpaka Kigali, nikaenda Busanza kwa baba mdogo. Nikamwambia, "Baba mdogo, leo nataka unieleze yote, hata yale ya aibu." Akacheka. Akasema, "Kaa, mwanangu. Somo hilo nimelilipia. Wengine walisikie bure."

(Sauti ya karakana: msumeno unakata ubao. Sekunde 10. Inashuka.)

Hiyo ndiyo sauti ya karakana yake. Busanza iko katika murenge wa Kanombe, wilaya ya Kicukiro, karibu na uwanja wa ndege. Kila baada ya muda ndege inapita na tunanyamaza mpaka iende. Huko ndiko zilikojengwa nyumba ambamo familia za Kangondo na Kibiraro, kule Nyarutarama, zilihamishiwa. Baba mdogo hakai katika nyumba hizo. Amepanga nyumba yenye uwanja mdogo nyuma, ameezeka mabati juu yake, hapo ndipo anapofanyia kazi. Lakini wateja wake wengi wanatoka katika nyumba za vyumba vidogo. Wanataka kabati jembamba, stuli zinazoingia chini ya meza, kitanda chenye droo chini. Shika jambo hilo akilini, msikilizaji. Tutalirudia.

Kwanza, kwa wale wasioijua mashine hii. Msumeno wa utepe una magurudumu mawili, moja juu, moja chini. Juu yake unazunguka utepe wa chuma wenye meno upande mmoja, umeunganishwa ncha kwa ncha kama pete. Mota inazungusha gurudumu la chini. Gurudumu la juu linakaza utepe na kuuweka katikati usitoke. Utepe unapita katikati ya meza ukishuka chini, nawe unasukuma ubao kuelekea kwenye meno. Mafundi waliosoma kwa Kifaransa huuita scie à ruban. Wengine huuita bendisoo. Ni kitu kilekile.

Kwa nini seremala autake? Kwa sababu mbili. Ya kwanza, unakata mapindo: mgongo wa kiti, kichwa cha kitanda, miguu ya meza. Msumeno wa duara hauwezi hayo. Ya pili, unapasua ubao mnene kuwa mbao nyembamba bila kupoteza mbao nyingi. Baba mdogo alinipa hesabu. Msumeno wa duara, kila ukipita, hula kama milimita 3 za ubao zikawa unga. Msumeno wa utepe hula kama milimita moja na nusu. Ukipasua mara 10, wa duara umekula milimita 30, wa utepe milimita 15. Tofauti ni milimita 15, na huo ni unene wa upande mmoja wa droo. Kwa mtu anayenunua libuyu kutoka Kongo, ule ni ubao alioulipia, na asipoangalia ataufagia sakafuni.

Mashine hii si ya jana. Mwingereza William Newberry aliibuni mwanzoni mwa karne ya 19, lakini kwa miaka mingi haikutumika sana. Shida ilikuwa utepe: ulikuwa unakatika pale ncha zilipounganishwa. Mwaka 1846 mwanamke Mfaransa, Anne Paulin Crépin, alipata njia nzuri zaidi ya kuunganisha ncha hizo, na kampuni ya Périn ya Paris ikaanza kuzitengeneza mashine hizo. Ninakuambia habari hii kwa sababu hata leo mambo ni yaleyale. Mashine inaweza kuwa ya chuma kizito na rangi nzuri. Kama huna utepe mzuri na mtu wa kuuunganisha, una meza tu.

(Muziki mfupi.)

Sasa nije kwenye kosa letu.

Baba mdogo na wenzake watano walikuwa na ikimina, au likelemba kama tunavyosema Kongo. Walitoa pesa kila wiki. Mmoja alikuwa mama mjane aliyekuwa akiweka pesa ya shule ya mtoto wake humohumo, kwa sababu aliamini mashine itairudisha haraka. Wakaonyeshwa msumeno wa zamani wenye magurudumu makubwa, yanafika kifuani mwa mtoto. Chuma kitupu. Bei yake ilikuwa karibu sawa na ya mashine ndogo mpya. Wakasema, "Kwa bei ileile, nani atanunua kidogo aache kikubwa?" Muuzaji aliwaahidi kwamba mashine inafanya kazi. Wakaiona ikiwaka. Wakalipa.

Iliposhushwa Busanza, wanaume wanane walitoka jasho. Wakamwita fundi umeme. Fundi akafuta vumbi kwenye kibati cha mota, akasoma, akauliza, "Nani aliwauzia?" Mota ilitaka umeme wa fezi tatu. Nyumba ya kupanga ina fezi moja, kama nyumba nyingi. Kuleta laini ya fezi tatu ilikuwa ombi jingine, pesa nyingine, na ilihitaji ruhusa ya mwenye nyumba. Mwenye nyumba akakataa. Utepe wa mashine ile nao ulikuwa na urefu wa zaidi ya mita 5, na bei ya mmoja iliwatisha.

Baba mdogo aliniambia hivi: "Muuzaji hakutudanganya. Mashine ilikuwa inafanya kazi. Kwake."

Msumeno ule ulikaa chini ya shitingi miezi 14. Mvua mbili zilipita juu yake. Watu wawili walijitoa kwenye ikimina wakadai pesa yao, na yule mama mjane alikuwa mmoja wao. Alikuwa na haki. Muhula wa shule haukungoja fezi tatu. Baba mdogo alimlipa kidogo kidogo kwa kazi ya mikono, kwa randa na msumeno wa mkono, mpaka faranga ya mwisho. Kisha mashine ikauzwa kwa hasara kwa mtu mwenye umeme wake.

Leo ana msumeno mwingine, mdogo, uliotumika, wa fezi moja. Huo ndio mliousikia. Nilimwuliza angejua nini mapema. Akanipa maswali manne. Chukua kalamu.

(Muziki mfupi.)

Swali la kwanza: unakata nini?

Usianze na mashine. Anza na daftari. Andika kazi zote ulizofanya katika miezi mitatu iliyopita, na ubao mnene kuliko wote uliougusa katika kila kazi. Sasa rudi kwa wale wateja wa vyumba vidogo: kabati jembamba, stuli, droo. Kazi nyingi za baba mdogo hazizidi ubao wa upana wa sentimita 15.

Dukani mashine huitwa kwa kipimo cha gurudumu. Wakisema inchi 14, maana yake kipenyo cha gurudumu ni kama sentimita 35. Kipimo hicho kinakuambia ubao unaweza kuingia ndani kiasi gani kati ya utepe na nguzo ya mashine. Hakikuambii ubao unaweza kusimama kwa urefu gani chini ya utepe. Hicho ni kipimo cha pili, na ndicho wengi husahau kuuliza. Mashine ndogo za juu ya meza, za inchi 9 au 10, nyingi hukata ubao wa urefu wa sentimita 9 au 10 tu. Za inchi 14 nyingi hukata kama sentimita 15, na baadhi zina kipande cha kuongeza nguzo hadi kufika kama sentimita 30. Kwa hiyo beba futi dukani. Pima mwenyewe kutoka mezani mpaka pale kinga ya juu inapoishia ikipandishwa yote.

Kama unatengeneza vitu vidogo tu, vijiko, vinyago, vitu vya kuchezea watoto, ile ya juu ya meza inaweza kukutosha. Kama unatengeneza fanicha, baba mdogo anasema inchi 14 ndiyo ya kuanzia. Kubwa zaidi ya hapo inaweza kungoja mpaka kazi zenyewe ziidai.

Swali la pili: nyumba yako ina umeme gani?

Kila mota ina kibati kidogo. Mwambie muuzaji akionyeshe kabla ya kuzungumzia bei. Ukiona namba 1 na alama ya wimbi pembeni, hiyo ni fezi moja. Ukiona 3 na wimbi, hiyo ni fezi tatu. Tafuta pia volti. Nyumba zetu za Rwanda zina volti 230, mzunguko wa 50. Mashine iliyoandikwa volti 110 au 120 pekee imetengenezwa kwa nchi nyingine. Ukiichomeka hivihivi utaiunguza.

Mtu anaweza kukuambia, "Usiogope, kuna kifaa cha kugeuza fezi moja kuwa tatu." Ni kweli, vipo. Lakini si kila mota inakubali. Kwa kawaida kifaa kinachoingizwa volti 230 hutoa fezi tatu za volti 230. Mota ya fezi tatu iliyoandikwa 230/400 fundi anaweza kuiunganisha ikafanya kazi na kifaa hicho. Iliyoandikwa 400/690 haitapata nguvu ya kutosha. Na bei ya kifaa ni sehemu ya bei ya mashine. Ijumlishe kabla hujasema mashine ni rahisi.

Nguvu je? Misumeno mingi ya inchi 14 ina mota ya kilowati 0.75, ambayo ni kama nguvu ya farasi mmoja, au zaidi kidogo. Kwa mapindo na mbao laini kama paini inatosha sana. Kwa kupasua mikaratusi mikavu au libuyu nene inafanya kazi, lakini usukume polepole. Kwenye Cash Power, mota kama hiyo ikikata mfululizo saa nzima inakula kama uniti moja. Saa mbili za kukata kwa siku, kama uniti mbili. Weka hesabu hiyo kwenye bei unayomwambia mteja.

Mota inapowaka inavuta umeme mara kadhaa kuliko inapozunguka. Kwa hiyo usiichomeke kwenye waya wa nyongeza mwembamba pamoja na pasi na televisheni ya jirani. Mwite fundi umeme akuvutie waya wake peke yake, wa milimita mbili na nusu, wenye waya wa ardhini na swichi yake ya kujikata. Na omba swichi ya aina inayobaki imezimika umeme ukikatika. Umeme ukirudi ghafla na mkono wako uko mezani, swichi hiyo ndiyo itakayokuokoa.

Swali la tatu: utepe utaupata wapi, na nani atauunganisha?

Hapa ndipo pesa inatoka kila mwezi, si siku moja. Utepe unachakaa, unakatika. Kabla ya kununua mashine, andika urefu wa utepe wake. Misumeno mingi ya inchi 14 hutumia utepe wa kama mita 2 na sentimita 37, lakini soma kitabu chake au upime wa zamani. Kisha nenda kwa mafundi ukaulize. Kigali, mahali penye maseremala wengi ni Gakiriro ya Gisozi. Uliza: mna utepe wa upana huu? Mnaukata na kuuchomelea kwa urefu ninaotaka? Unaomba siku ngapi? Kama kila mtu anatikisa kichwa, iache mashine hiyo hata kama ni nzuri.

Utepe mmoja haufanyi kazi zote. Mwembamba wa milimita 6 unaweza kuzunguka duara dogo kama kizibo cha chupa ya soda. Wa milimita 13 hauwezi kuzunguka kitu kidogo kuliko kisahani cha kikombe cha chai, lakini unakata mstari ulionyooka vizuri. Ukimlazimisha kupinda zaidi ya hapo, unajikunja na kukatika. Meno nayo yana hesabu. Kwa kupasua ubao mnene, meno 3 au 4 kwa kila inchi, ili unga upate nafasi ya kutoka. Kwa ubao mwembamba, meno 6 mpaka 10. Sheria ya baba mdogo: wakati wowote meno yasiyopungua 3 yawe ndani ya ubao.

Kwa hiyo usimalize pesa yote kwenye mashine. Yeye anagawa hivi: katika kila faranga 10, 7 kwa mashine, 3 kwa tepe tatu za kuanzia, waya, swichi, usafiri na barakoa. Kama hizo 3 hazipo, akiba haijatosha. Subirini.

Swali la nne: itakaa wapi?

Mashine yenyewe inachukua nafasi ndogo, kama kabati jembamba. Lakini ubao wa mita 2 unahitaji mita 2 mbele ya utepe na mita 2 nyuma yake. Uwanja wa baba mdogo una mita 4 na nusu tu. Alichofanya ni kuielekeza mashine kwenye mlango wa nyuma, ubao mrefu unatokea nje. Alipima kwa kamba kabla ya kununua.

Kisha kuna majirani. Sheria ya Rwanda inamruhusu mkimbizi kufanya kazi na kufungua biashara, lakini jiji lina mpango wake wa wapi kazi ya kelele ifanyike, na gakiriro zilijengwa kwa ajili hiyo. Nenda ofisi ya akagari uulize kama karakana ya nyumbani inakubalika hapo ulipo. Mweleze na mkuu wa mudugudu. Baba mdogo hakati usiku, na mchana mtoto wa jirani akilala anafanya kazi ya gundi na msasa wa mkono. Anasema majirani ndio waliomlinda zaidi ya kufuli.

Na unga wa mbao, msikilizaji, usiuzoee. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliweka vumbi la mbao katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu, tangu 1995. Vaa barakoa nzuri, kata penye hewa, na usiruhusu watoto wachezee lundo la unga. Lundo hilo pia linashika moto upesi. Gakiriro ya Gisozi imewahi kuungua zaidi ya mara moja, na watu walipoteza mashine na mbao zao. Sijui karakana yako, lakini najua hili: unga utoke nje kila jioni, jiko la mkaa likae mbali, na kizima moto kinachofaa kwa umeme kiwe ukutani.

(Muziki mfupi.)

Wengi wetu tutanunua mashine iliyotumika. Si vibaya. Lakini ikague hivi.

Kwanza, ichomolewe kwenye umeme. Fungua milango yake miwili. Zungusha gurudumu la juu kwa mkono. Liende laini, kimya. Ukisikia mchanga, beringi zimekufa. Shika gurudumu ulitikise kushoto na kulia, lisicheze. Tazama mpira uliovishwa gurudumu. Ukiwa umepasuka au umekuwa mgumu, utabadilishwa, na hiyo ni sababu ya kupunguza bei. Tazama nguzo na meza kwa tochi kama kuna ufa au mahali palipochomelewa. Chuma cha kalibu kilichopasuka hakirudi kuwa kimoja. Nguzo ikiwa na ufa, aga uondoke.

Angalia vishikio vinavyoubana utepe pembeni na nyuma, juu na chini ya meza. Viwe vyote, na viweze kusogezwa. Bila hivyo utepe unayumba na ubao unatoka umepinda kama ndizi. Pandisha na shusha kinga ya juu. Isikwame, isianguke yenyewe.

Kisha iwashwe. Iache izunguke dakika 10. Nusa mota. Weka mkono karibu nayo, uone kama inachemka. Halafu toa ubao uliokuja nao, ndiyo, ubebe ubao wako kutoka nyumbani, chora mstari, ukate. Ukikataliwa kukata ubao wako, umepata jibu.

Mwisho, omba risiti ya mashine ya EBM, au kama ni mtu binafsi, karatasi yenye majina, namba za vitambulisho, na mashahidi wawili. Pesa ni ya watu watano. Karatasi iwe na majina matano.

(Kimya. Sekunde 2.)

Nilisema nilimwomba baba mdogo yale ya aibu. Hili ndilo alilolisema mwisho, baada ya kuzima mashine.

Alikuwa na kijana anayejifunza kwake. Siku moja kijana alitaka kukata fimbo ya mviringo. Kitu cha mviringo kikishikwa kwa mkono tu, meno yanakivuta na kukizungusha ghafla. Kilizunguka, na mkono wa kijana ukaenda nacho. Alipoteza ncha ya kidole gumba. Nani alikuwa amepandisha kinga juu kabisa asubuhi hiyo? Baba mdogo. Alitaka kuona mstari vizuri. Alisema, "Nilimfundisha kila kitu isipokuwa hicho. Hicho nilimwonyesha kwa mfano mbaya."

Kijana amepona na bado anafanya kazi hapo. Nilimwona. Sasa kwenye ukuta kuna maneno yameandikwa kwa chaki, nami nakusomea kama yalivyo. Kinga ishushwe mpaka ibaki unene wa penseli juu ya ubao. Kitu cha mviringo kiwekwe kwenye kitanda cha ubao chenye mfereji. Usivae glavu wala mikono mirefu inayoning'inia. Kipande kidogo kisukumwe kwa kijiti. Vidole visikae kwenye mstari wa utepe. Usifungue mlango mpaka magurudumu yasimame. Ukichoka, acha.

(Muziki wa kufunga unaingia chini ya sauti.)

Basi, mama uliyeandika barua, hili ndilo jibu letu. Waambie vijana wasiangalie tarehe ya mwisho wa mwezi. Waangalie kibati cha mota. Waende na daftari lenye majibu manne: tunakata nini, umeme wetu ni upi, utepe tutaupata wapi, mashine itakaa wapi. Mashine ile ya zamani ikijibu yote manne, wainunue bila hofu, hata kama ina kutu. Ikishindwa hata moja, waiache, hata kama muuzaji anasema kuna mteja mwingine anakuja kesho. Aje. Akiba yao haiozi kwa kungoja mwezi mmoja. Yetu ilioza kwa miezi 14 chini ya shitingi.

Na kama miongoni mwa hao watano kuna mtu ambaye pesa yake ni ya ada ya mtoto, mrudishieni kwanza, kabla ya kununua chochote. Hilo si la ufundi. Ni la baba mdogo, na aliniomba nisilisahau.

Wiki ijayo tutazungumzia jinsi ya kukausha mbao mbichi bila tanuri, ili isipasuke ikiwa kabati tayari. Kama una swali, litie kwenye sanduku la maoni. Mimi ni mtangazaji wako. Usiku mwema, na Mungu akubariki wewe na vidole vyako vyote kumi.

(Muziki unapanda. Mwisho.)

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Katika kazi zenu za miezi mitatu iliyopita, ubao mnene kuliko wote ulikuwa na kipimo gani? Mashine ya ukubwa gani ingewatosha?

2. Nani kati yenu anaweza kusoma kibati cha mota? Kitafuteni kimoja, hata cha mashine ya kusaga unga, mkisome pamoja.

3. Ikimina chenu kikinunua kitu na kikakaa bila kufanya kazi, mmekubaliana nini kuhusu mtu anayetaka kujitoa? Je, mmeandika?

4. Je, kuna jambo mnalowafundisha vijana kwa maneno, huku mikono yenu inawaonyesha kinyume chake?